Vifungo Vinne vya Njuga

Mke wangu aliitwa Njuga. Wazazi wake walimpa jina jingine. Hili alipewa na wasichana wa chumba cha kushonea, kwa sababu akitembea anasikika.

Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa na miaka minne. Ukabaki mwembamba kama mkono. Tangu hapo alitembea kwa chuma cha mguu: vyuma viwili, kimoja kila upande, vimeingia kwenye soli ya kiatu. Juu kuna ngozi pana ya kukumbatia paja. Chini kuna ngozi nyingine, ya kigimbi. Mikanda ni minne, miwili ya paja, mmoja wa goti, mmoja wa chini. Kila mkanda una kifungo cha shaba, na kila kifungo kina ulimi wake wa kuingia kwenye tundu. Ulimi ukilegea hugonga. Ndimi nne zikigonga pamoja, ni njuga kabisa.

Ningeweza kuzikaza. Ni kazi ya dakika tano, koleo na nyundo ndogo. Nilimwambia. Akasema, "Ziache, Fundi. Nataka watu wajue nakuja."

Aliniita Fundi mpaka mwisho. Mimi ni fundi wa ngozi. Mikoba, mikanda, viatu, mabegi ya shule. Kusema sijui sana. Shule sikuingia. Herufi alinifundisha yeye, jioni, mezani, kwa chaki ya kushonea, ili niweze kuandika majina ya wateja kwenye vikaratasi. Zamani nilikuwa nafunga kila kazi kwa uzi wa rangi, halafu nasahau rangi ni ya nani.

Alikuja kwangu mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu. Duka langu lilikuwa upenu tu. Meza moja, kiti kimoja, ukuta mzima misumari ya kutundikia kazi za watu. Nilikuwa nashona mpini wa mkoba. Sikuinua kichwa.

"Fundi, unatengeneza vya watu au vya mikoba tu?"

"Kaa," nikasema.

"Nikae wapi? Kiti ni kimoja, na umekikalia wewe."

Nikasimama. Akakaa. Miaka yote baadaye, mtu akimuuliza nilimposaje, alijibu, "Aliniachia kiti. Hakuongeza neno mpaka siku ya harusi."

Watu walicheka. Ilikuwa karibu na kweli.

Chuma chake siku ile kilikuwa na vifungo vyeusi vya chuma. Hospitali ndivyo walivyompa. Vilishika kutu, na kutu ikachafua nguo. Kila gauni lake lilipata madoa manne ya kahawia upande wa kushoto, yamepangana kutoka pajani kwenda chini. Yeye alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo aliyafunika kwa kushona mifuko juu yake. Gauni lenye mifuko minne upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Nilihesabu ile mifuko nikaelewa. Ndipo nikamwambia maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia kwa mara moja.

"Nitakuwekea shaba," nikasema. "Shaba haishiki kutu. Nguo zako zitakuwa safi. Utaacha hiyo mifuko."

Nilikuwa na hakika.

Shaba ilitoka kwa rafiki yangu, fundi shaba wa mtaa wa pili. Mpaka leo anayeyusha mabomba mabovu na kufuli zilizopotewa na funguo, nyuma ya nyumba yake. Namwita Mla Moshi. Yeye ananiita Mchuna Ngozi. Alimimina vifungo vinne vinene, akavisugua vikawa kama jua la saa nne. Mimi nikakata mikanda mipya, nikavipigilia kwa ribiti, zile pini fupi za kugongwa pande mbili. Hazijatoka tangu siku ile.

Kazi ya mke wangu ilikuwa sare za shule. Chumba kirefu, mashine ishirini na mbili za kukanyaga. Msimamizi wa wakati ule hakutaka kumpa mashine.

"Hii inataka miguu miwili, dada yangu."

"Na huo mdomo unataka akili," akamjibu, "mbona tunauacha ufanye kazi?"

Akapewa mashine ya mwisho, karibu na dirisha lisilofunga. Akaikanyaga kwa mguu mmoja. Baada ya miaka tisa msimamizi alikuwa yeye.

Wasichana wa pale walikuwa na tabia ya kulala juu ya marobota ya kitambaa baada ya kula mchana. Wakisikia vifungo kwenye korido wanaamka. "Njuga huyo, kanyageni!" Akifungua mlango anakuta mashine zote zinanguruma, na wengine bado wana alama ya robota shavuni. Siku moja nikamwambia, nikikaza zile ndimi utawakamata wote.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto.

"Fundi, mimi sitaki kumkamata mtu."

Ndivyo alivyokuwa.

Sasa habari ya mafuta. Ngozi inakunywa. Usipoinywesha inakauka, ikikauka inapasuka. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha kazi, na yeye alifundishwa hivyo. Mafuta yangu ni shahamu ya ng'ombe, nayeyusha, nachuja kwa kitambaa, natia nta kidogo, naweka kwenye kopo. Kila siku yake ya mapumziko, asubuhi, alikaa ukingoni mwa kitanda, akafunika mguu kwa shuka. Mimi nakaa sakafuni mbele yake, nachukua kile chuma. Napaka kwa vidole viwili. Ndani ya ngozi, nje, chini ya mikanda, pembeni mwa vifungo. Pembeni mwa vifungo zaidi, maana hapo mkanda unajikunja na hapo ndipo hupasuka kwanza. Saa nzima. Sisemi kitu. Yeye ndiye anayesema. Nani kachumbiwa. Nani kakata kola zote upande upande. Nani kashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, halafu akasema mtoto atakua nayo.

Mwisho ananigusa bega.

"Inatosha, Fundi. Imelewa."

Nilidhani ni utani. Nacheka kidogo, naongeza kidogo.

Katikati ya wiki nilikuwa namwona amekaa kwenye cherehani yake ya nyumbani, chuma kiko mapajani, anakwangua kwenye vifungo kwa njiti ya kiberiti. Nikafikiri ni urembo. Wanawake wengine wana bangili, wangu ana vifungo. Viling'aa miaka thelathini na moja. Sikuona doa hata siku moja. Nilijisifu moyoni. Nilimwambia shaba haishiki kutu, na haikushika.

Alikufa kwa kifua. Wiki tatu wodini, kitanda cha karibu na sinki, na bomba la sinki linadondoka. Walimvua chuma siku ya kwanza, wakakisukuma chini ya kitanda. Siku moja kabla ya mwisho alinishika mkono.

"Kipo?"

Nikainama nikaangalia. "Kipo."

"Usikizidishie."

"Nisikizidishie nini?"

Akafumba macho. Muuguzi akaja na sindano. Nikafikiri ni homa inayosema.

Walinipa kile chuma kwenye mfuko wa nailoni, umefungwa fundo. Binti yetu alikuja na basi la asubuhi. Ni mmoja tu, anafanya kazi kwenye duka la dawa mji mwingine. Akaukuta mfuko miguuni pangu.

"Baba, tumzike nacho? Hawezi kusimama bila hicho."

"Amekibeba vya kutosha," nikasema.

Waliokuwepo wakatikisa vichwa, wakasema mzee kasema neno. Sikusema neno lolote. Nilikitaka mimi.

Nieleze kwa nini. Ngozi ya paja imechukua umbo lake. Ni pana juu, imebonyea upande wa nje pale mfupa ulipokaa, na kwa ndani imelainika kama sikio. Ukifunga mikanda yote minne, kila mmoja kwenye tundu lake, paja lipo. Ukiingiza mkono unalikuta. Picha yake ninayo moja, ya harusi, amenuna kwa sababu kiatu kinambana. Yule wa kwenye picha simjui sana. Huyu wa kwenye ngozi ndiye niliyeishi naye.

Nikakitundika nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari mnene. Nikafunga vifungo vyote. Kwa kuwa hakuna tena mguu wa kuipa joto, niliona ngozi itakauka upesi. Nikachukua kopo. Nikapaka. Wiki ya kwanza mara moja. Halafu mara mbili. Halafu ikawa kila nikiamka, kabla sijanawa uso, nakaa sakafuni palepale mbele ya kitanda na kupaka. Kitanda hakina mtu. Sisemi kitu, na hakuna anayesema.

Mwezi wa pili nikaona kijani.

Kilianza kwenye kifungo cha goti. Doa dogo pembeni, chini ya mkanda, kama ukungu wa mkate. Nikalifuta kwa kidole. Kesho yake limerudi na mwenzake. Baada ya wiki mbili vifungo vyote vinne vilikuwa na kola ya kijani, na ngozi inayovizunguka imegeuka nyeusi. Nikalaumu mfuko wa nailoni wa hospitali, umekipa unyevu. Nikalaumu ukuta. Nikakihamishia upande wa dirisha. Jua likaikausha ngozi, nikaogopa, nikaongeza mafuta.

Nikakumbuka mama yangu alivyokuwa anasafisha sinia la shaba kwa ndimu na chumvi. Nikakamua ndimu, nikasugua. Vifungo viling'aa siku mbili. Siku ya tatu kijani kilirudi kwa hasira, na pale maji ya ndimu yalipodondokea, ngozi ikawa na mabaka na kuwa ngumu kama ganda. Nikayapaka mabaka mafuta mengi. Mimi nimeshika ngozi miaka hamsini. Mtu angeniletea mkoba wa hivyo ningemwambia, nani kakufanyia uharibifu huu?

Binti akaja kunitazama. Alipofungua mlango wa chumba akaziba pua kabla hajajizuia.

"Baba, kinanuka."

"Ni mafuta."

"Hapana, Baba. Mafuta nayajua tangu utoto wangu. Hii ni harufu ya kitu kinachooza." Akakigeuza, akaona kijani. "Kwa nini tusikipeleke hospitali? Wapo wanawake wanahitaji."

"Hakimfai mtu."

"Wanaweza kukirekebisha."

"Kukirekebisha ni kukinyoosha," nikasema. "Hilo ni paja lake."

Akakirudisha mahali pake. Kabla hajaondoka aliosha shuka zangu zote, akazianika. Alirudi mlangoni mara mbili kama aliyesahau kitu.

Siku iliyofuata nikakitia kwenye mfuko nikaenda kwa Mla Moshi. Nilikuwa sijafika kwake tangu mazishi. Alikuwa nyuma ya nyumba anasugua bomba la sinki kwa kitambaa cheusi.

"Mchuna Ngozi! Nilisikia umekufa ukasahau kutuambia."

"Bado."

"Naona. Harufu imetangulia, mwili umefuata nyuma. Unajipaka mwenyewe siku hizi?"

Nikaweka mfuko juu ya meza yake, nikaufungua. Akaacha kusugua.

"Cha shemeji," akasema.

Akanawa mikono. Sijawahi kumwona akinawa mikono kabla ya kazi. Akavaa miwani, akainamia kifungo cha goti, akakwangua kijani kidogo kwa ncha ya kijiti. Akakiweka kwenye kiganja changu.

"Sugua kwa kidole. Unasikiaje?"

"Kinanata."

"Kutu ya shaba ni unga, ndugu yangu. Ukipuliza unaruka. Hiki ni nta. Ni mafuta yako haya. Shahamu ikilala na shaba inaila, halafu vyote viwili vinageuka hivi, halafu hivi vinaila ngozi. Unavyozidi kupaka ndivyo kinavyoota."

"Si kweli."

"Sawa, si kweli. Mimi nimeshika shaba kwa bahati mbaya tu."

"Nimepaka miaka thelathini na moja. Hakikuota."

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, ikachafuka zaidi.

"Kiliota," akasema.

Nikamtazama.

"Kiliota kila wiki. Shemeji alikuja hapa mwaka ule ule mliooana, amefura. Ananiambia nimemmiminia shaba ya takataka. Nikamwonyesha kama ninavyokuonyesha wewe. Nikampa spiriti kwenye kichupa. Nikamwambia achonge njiti, azungushie kitambaa, akwangue pembeni bila kugusa ngozi. Tena nikamwambia, mwambie huyo bwana aache shahamu. Apake nta kavu, kidogo, mara mbili kwa mwaka, basi."

"Hakuniambia."

"Najua hakukwambia. Alikuwa anakuja kujaza kichupa. Kila akija namuuliza, umemwambia? Siku moja akanijibu." Mla Moshi akaangalia bomba lake. "Akasema, yule bwana wiki nzima hanisemeshi. Siku ya mafuta tu ndiyo anakaa miguuni pangu saa nzima. Unataka nimwambie aache?"

Mtaani mtu alikuwa anaburuta gari la mkono lenye tairi bovu. Nilisikiliza lile tairi mpaka likapotea.

"Ungeniambia wewe," nikasema.

"Aliniapisha. Halafu wewe, Mchuna Ngozi, umeshawahi kuniuliza kitu chochote? Tumejuana miaka arobaini. Leo ndiyo mara ya kwanza unaniletea swali."

Nikamuuliza la pili. "Sasa nifanye nini?"

"Ukitaka ngozi iishi, ng'oa vifungo. Kata ribiti zote. Shaba ikae kivyake, ngozi kivyake."

"Bila vifungo itafunguka."

"Itafunguka, ndiyo."

"Ikifunguka inanyooka yenyewe. Paja litaondoka."

Alichelewa kuelewa, kisha akaelewa. Akaweka mkono juu ya ngozi ya paja, akauondoa haraka kama aliyeshika mke wa mtu.

"Basi kwangua," akasema. "Lakini nisikudanganye. Mafuta ya miaka yote yamo humo ndani, na umeongeza mengi mwaka huu. Yatakuwa yanatoka, unakwangua, yanatoka, unakwangua. Na kila ukikwangua, ngozi kidogo inakwenda nayo. Pale penye ribiti tayari pameoza. Mwisho wake unaujua kuliko mimi."

"Naujua."

Alinijazia kichupa cha spiriti. Hakunitania wakati naondoka. Afadhali angenitania.

Nyumbani nikafungua droo ya cherehani yake. Sikuwahi kuifungua. Ilikuwa ya nyuzi na sindano, mambo yake. Nyuma ya nyuzi kulikuwa na kopo la peremende. Ndani, njiti za kiberiti zimechongwa, ncha nyembamba upande mmoja, bapa upande wa pili. Vitambaa vya sare, vidogo kama ukucha, vya buluu na vyeupe, vimekunjwa vizuri. Vingine vilikuwa bado havijatumika. Vingine vina kijani. Na kichupa, kimebaki na tone chini.

Usikizidishie. Ndicho alichoniambia. Hakuwa na homa. Alijua nitakachofanya, na alijua safari hii hakuna wa kukwangua nyuma yangu.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nikaweka chuma mapajani. Nikachovya njiti, nikakwangua kifungo cha kwanza. Kazi yake ni ngumu. Mkono ukiteleza unachana ngozi. Ukikandamiza, kijani kinaingia ndani badala ya kutoka. Ulimi wa kifungo unazuia, lazima uuinue kwa ukucha. Vidole vyangu vimezoea msharasi wa kutobolea ngozi na nyundo, hii ni kazi ya vidole vingine. Kifungo kimoja kilinichukua asubuhi nzima. Yeye alivimaliza vinne huku anaangalia chungu jikoni na kunijibu maswali ambayo sikuuliza.

Kopo la shahamu nililimwaga uani. Sisimizi wakaja.

Baada ya siku sita kijani kilirudi. Nikakwangua. Kikarudi. Kila mara kidogo zaidi chini, ndani ya mkanda, mahali njiti haifiki. Nikifungua kifungo ili nifike, mkanda unalalamika, na unga mweusi unadondoka mapajani. Ule unga ni ngozi. Naukung'uta kwenye kiganja, sijui niuweke wapi. Nimeuweka kwenye kopo la peremende.

Binti alikuja tena akanikuta hivyo. Akasimama mlangoni.

"Umekaa kama Mama," akasema.

Nikachovya njiti tena. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Baba, nilikuwa nataka kukuuliza tangu zamani. Zile asubuhi za mafuta. Mimi nilikuwa chumba cha pili, namsikia Mama anaongea, anacheka, anaongea. Wewe ulikuwa unamwambia nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akafikiri ninamficha. Akatabasamu, akanipiga piga goti. "Haya, Mzee. Siri zenu." Nikamwacha aamini hivyo. Yeye bado ni kijana, ana mahali pa kuiweka imani hiyo.

Akanisaidia kushika taa ya tochi, maana kwenye pembe ya cherehani pana giza hata mchana. Nikakwangua cha chini, nikakwangua vya paja. Nikafika goti. Nikasafisha upande mmoja. Nikafungua ili nisafishe wa pili. Nikamaliza, kikang'aa, cha goti kilikuwa kinang'aa kama siku Mla Moshi alipokileta. Binti akasema, "Aa, angalia." Nikauvuta mkanda kuurudisha kwenye tundu lake.

Tundu lake ni la tatu. Limevutika, limekuwa refu kama jicho la sindano kubwa, kwa sababu ya kukunja goti akikaa, miaka yote. La pili na la nne hayajaguswa.

Mkanda ukakatika.

Haukutoa sauti. Ulikuja mkononi tu, kama kipande cha mkate mkavu. Palipokuwa na tundu la tatu pakawa vipande. Vingine vilianguka sakafuni. Kifungo kilibaki kwenye ribiti yake, kisafi, hakishiki kitu. Na ngozi ya paja, iliyokuwa imebanwa na mikanda yote pamoja, ikafunguka kidogo upande wa chini. Kidogo tu. Nikaingiza mkono haraka. Ule mbonyeo wa mfupa nikaukuta, lakini si pale. Umesogea.

"Baba, si unaweza kushona mwingine?" binti akasema. "Wewe ni fundi."

Kweli, mimi ni fundi. Mkanda kama ule ni kazi ya nusu saa. Ngozi ninayo, droo imejaa. Alipoondoka na basi lake nikachagua kipande kizuri, cha mgongoni, unene ule ule. Nikakikata upana ule ule. Nikalainisha kingo kwa mfupa. Sikukipaka kitu. Nikachukua chuma cha kutobolea, nikapima.

Tundu lake mimi nalijua. Vidole vitatu na nusu kutoka nchani. Ningetoboa nikiwa nimefumba macho. Lakini nikitoboa mimi litakuwa duara, safi, jipya. Litakuwa tundu la mtu yeyote.

Nimekitundika chuma mahali pake nyuma ya mlango. Vifungo vitatu vimefungwa. Cha goti kinaning'inia, na upepo ukipita chini ya mlango ulimi wake unagonga. Mara moja, unaacha. Kila unapogonga nageuza kichwa.

Ule mkanda mpya uko mezani tangu mwezi uliopita. Sijautoboa. Kijani kimeanza tena kwenye vile vya paja, nakwangua siku ya mapumziko, asubuhi, nimekaa kwenye kiti chake. Siku hizi najaribu kusema. Namwambia nani kaleta mkoba, nani kaleta kiatu kimoja akasema cha pili kipo sawa. Maneno yananiishia kabla ya kifungo cha pili. Halafu nakwangua kimya kimya kama zamani, na unga unadondoka.